Mtazame Mama Kabla ya Kununua Mtoto

Ndugu mfugaji wa Nyambureti, fisi akija zizini usiku, mbwa ndiye wa kwanza kukuamsha. Basi usinunue mtoto wa mbwa gulioni, ndani ya gunia. Nenda nyumbani kwa mwenye mama yake.

Mtazame mama. Je, anabweka mgeni akija? Anakaa na mbuzi bila kuwauma? Mama mwizi wa mayai mwache, hata ukipewa mtoto wake bure. Uliza cheti cha chanjo ya kichaa cha mbwa. Mfugaji mwema hakasiriki ukimwuliza.

Mtoto asiachishwe mama kabla ya wiki 8. Awe na macho makavu, na tumbo lisilovimba kwa minyoo. Nyumbani mlaze karibu na mbuzi, awazoee. Akitimiza miezi 3, achanjwe. Kisha kila mwaka.

Ugonjwa wa mbwa hausimami mpakani. Mwaka 1994 ugonjwa mwingine wa mbwa, si kichaa, uliua simba wapatao 1,000 wa Serengeti. Wataalamu waliona kuwa huenda ulitoka kwa mbwa wa vijijini.

Kichaa nacho humwua mtu. Dalili zikishaanza, hakuna dawa. Mbwa akikuuma, osha jeraha kwa maji mengi na sabuni kwa dakika 15. Kisha nenda hospitali siku hiyo hiyo.