Masafa na Majibu: Mitazamo ya Walimu na Wanafunzi kuhusu Masomo ya Mtandaoni katika Elimu ya Masafa

1.0 Utangulizi

Chuo Kikuu Huria cha Tanzania kiliundwa kwa Sheria ya Bunge Na. 17 ya mwaka 1992. Wengi wa wanafunzi wake ni watu wenye kazi na familia, waliotawanyika mikoani. Hapo awali walitegemea vitabu vya kujisomea, vituo vya mikoa na vipindi vya ana kwa ana. Baadaye yakaongezwa masomo ya mtandaoni kupitia programu ya Moodle. Makala haya yanaeleza kwa nini katika mfumo wa namna hii mwalimu na mwanafunzi huweza kuitathmini kozi ileile kwa namna zinazopingana. Hoja inayotolewa ni kwamba tofauti hiyo haitokani na kupenda au kuchukia mitambo, bali inatokana na maana ambayo kila upande hulipa neno kufundisha.

2.0 Mtazamo wa Mwalimu

Mwalimu wa masafa hutimiza sehemu kubwa ya kazi yake kabla hajakutana na mwanafunzi. Huandika mada, hutunga mazoezi, kisha huyapakia mtandaoni. Kwake yeye, somo likishapakiwa limekwisha kufundishwa; mtandao ni ghala na posta kwa pamoja. Malalamiko yake hufuata mantiki hiyohiyo: maandalizi humchukua muda mrefu usiohesabiwa katika idadi ya vipindi vyake, na maswali yanayomiminika baadaye huyaona kuwa ni nyongeza ya kazi.

3.0 Mtazamo wa Mwanafunzi

Mwanafunzi huushukuru mtandao kwa kumwepusha na nauli na ruhusa za kazini, ijapokuwa gharama ya bando na kukatika kwa umeme humsumbua. Hata hivyo, linalomkatisha tamaa zaidi ni ukimya. Somo lililopakiwa kwake ni kitabu tu. Kufundishwa huanza pale swali lake linapojibiwa.

Mfano mmoja wa fonolojia ya Kiswahili unatosha. Neno barabara huwa na maana ya njia kuu mkazo unapokuwa katika silabi ya pili kutoka mwisho, na maana ya sawasawa mkazo unapokuwa katika silabi ya tatu kutoka mwisho. Katika maandishi ya kawaida maneno hayo mawili hayatofautiani hata kidogo. Mwanafunzi aweza kuikariri kanuni ya mkazo bila kuisikia tofauti yenyewe. Sauti iliyorekodiwa humwezesha kusikia. Lakini ili ajue kama yeye mwenyewe ametamka ipasavyo, hana budi kusikiwa na mwalimu na kurudishiwa jibu.

4.0 Ufafanuzi wa Kinadharia

Nadharia ya Michael G. Moore, aliyoifafanua kwa kina mwaka 1993, inasaidia kuyaeleza haya. Kwa mujibu wa Moore, masafa katika elimu si kilomita, bali ni pengo la kuelewana, na ukubwa wake hutegemea mambo matatu: mazungumzo kati ya mwalimu na mwanafunzi, muundo wa kozi, na uwezo wa mwanafunzi wa kujiongoza. Muundo unapokazwa na mazungumzo yakapungua, masafa huongezeka.

Istilahi ya Kiswahili, elimu ya masafa, huuficha ukweli huo, kwa kuwa masafa katika matumizi ya kawaida ni umbali wa mahali na mahali. Ukifuatwa mtazamo wa Moore, mwanafunzi wa Kinondoni asiyejibiwa yuko mbali zaidi kuliko wa Songea anayejibiwa.

5.0 Hitimisho

Kwa hiyo, mwalimu anayesema kuwa amefundisha na mwanafunzi anayesema kuwa hakufundishwa wanaweza wote wawili kuwa wanasema kweli. Upatanisho wao hautaletwa na mitambo mipya peke yake. Muda wa kujibu hauna budi kuhesabiwa kuwa muda wa kufundisha, upangwe katika ratiba na uzingatiwe katika mzigo wa kazi wa mwalimu. Bila hivyo mtandao utafupisha safari ya maandishi, na masafa yenyewe yatabaki palepale.