Gesi ya kiyoyozi haiishi, huvuja

Juma lililopita nilitoka Karatu kwenda Mang'ola, kule bonde la vitunguu kandokando ya Ziwa Eyasi. Karatu tuliondoka na masweta. Tulipoteremka bondeni tukakuta jua kali na vumbi tele. Dereva wa Hiace yetu, gari la zamani, akawasha kiyoyozi. Kikapuliza hewa ya moto.

"Gesi imekwisha, kaka," akaniambia. "Na nilijaza mwezi uliopita tu!"

Hapo ndipo wengi tunapokosea. Gesi ya kiyoyozi si petroli, hailiwi. Huzunguka humo humo miaka yote. Ikipungua, ujue imevuja.

Kiyoyozi hakitengenezi baridi, bali huhamisha joto. Ukijipaka spiriti mkononi unahisi ubaridi, kwa sababu spiriti ikigeuka mvuke huondoka na joto la ngozi. Ndivyo ilivyo garini. Kompresa, inayozungushwa na mkanda wa injini, huibana gesi hadi ikawa ya moto sana. Gesi hiyo hupita kwenye kondensa, inayofanana na rejeta, ikapoa na kuwa kimiminika. Kisha hupenya kitundu chembamba, hugeuka mvuke ndani ya kipoozeo, na kunyonya joto la abiria. Vumbi likiziba kondensa, joto halina pa kutokea.

Hiace nyingi zina kipoozeo cha pili kwa abiria wa nyuma. Mabomba yake hupita chini ya gari, yakipigwa mawe na kuliwa na kutu. Kujaza gesi bila kuziba tundu ni kuteka maji kwa pakacha. Tena mafuta ya kulainisha kompresa husafiri na gesi. Yakivuja, kompresa hukwama, na bei yake inauma.

Magari ya kabla ya katikati ya miaka ya 1990 yalitumia gesi ya R-12, inayoharibu tabaka la ozoni. Chini ya Mkataba wa Montreal wa 1987, nchi tajiri ziliacha kuitengeneza kufikia 1996, na nchi zinazoendelea kufikia 2010. Ukihamia R-134a, lazima mafuta ya kompresa yabadilishwe pia. Na fundi akikushauri utie gesi ya kupikia, mkatalie. Ikivuja ndani ya gari lenye abiria, cheche moja inatosha.

Kwa hiyo, ndugu dereva, kabla hujatoa fedha muulize fundi maswali mawili. Tundu liko wapi? Na je, utavuta kwanza hewa na unyevu uliomo kabla ya kujaza? Asipokuwa na jibu, fungua madirisha uendelee na safari.