Mchango wa Anayeuguza Hupimwaje?

Kibera si mtaa mgeni kwa familia za mwambao. Wanubi waliijenga huko jamii ya Kiislamu tangu mwanzoni mwa karne ya 20, na wengi wetu tuna jamaa huko. Huko, kama ilivyo kwetu, kisukari na shinikizo la damu huuguzwa nyumbani, na mwenye kuuguza aghalabu huwa ni mke, binti au mkwe. Lakini faili la hospitali hufunguliwa kwa jina la mgonjwa.

Mwaka 2013, katika vituo vya shirika la Médecins Sans Frontières huko Kibera, wagonjwa ambao hali zao zilikuwa zimetulia walipangwa katika vikundi vya watu 25 hadi 35. Wenye virusi vya ukimwi, kisukari na shinikizo la damu walikutana pamoja kila baada ya miezi mitatu, wakaangaliwa hali na kupewa dawa. Utaratibu huo uliwapunguzia foleni. Hata hivyo, hebu tuhesabu: mikutano minne kwa mwaka huacha siku 361 ambazo mgonjwa yumo mikononi mwake mwenyewe na mwa jamaa zake. Ni nani azipimaye siku hizo?

Wataalamu wamelitafutia swali hili jawabu. Mwaka 2012, Barbara Riegel wa Marekani na wenzake waligawa kujitunza kwa mgonjwa katika mafungu matatu: kuidumisha afya, kuzichunguza dalili, na kuchukua hatua dalili zinapotokea. Baadaye Ercole Vellone wa Italia na wenzake walitunga hojaji ya kupima mchango wa anayeuguza katika mafungu hayo hayo. Humuuliza: ni mara ngapi unamshauri mgonjwa atende jambo hili, au unamtendea kwa kuwa mwenyewe hawezi?

Tazameni hekima ya swali hilo. Halipimi uchovu wala mapenzi, bali lapima msaada unaomfikia mgonjwa. Binti anayemtilia mamaye vidonge mkononi kila asubuhi anatenda wema mkubwa. Lakini akisafiri siku mbili, je, mama atakijua kidonge cha asubuhi na cha jioni? Kumtunza mwenye uwezo ni kumwezesha, si kumpokonya uwezo wake.

Basi nasi tujiulize majumbani mwetu. Kwanza, chungu ni kimoja. Je, chumvi tumeipunguza kwa wote, au mgonjwa ameachwa ajichagulie? Pili, vipimo vyake vya sukari na presha vinaandikwa, naye anavielewa? Tatu, akitokwa na jasho, akitetemeka na kuchanganyikiwa, ni nani nyumbani ajuaye kwamba huenda sukari imeshuka, na kwamba akiwa na fahamu na anaweza kumeza apewe mara moja maji ya sukari? Na kabla ya Ramadhani, ni nani atakayefuatana naye kwa daktari kuuliza kama afunge, na dawa zipangwe vipi?

Majibu hayo tuyachukue kituoni pamoja na kadi ya mgonjwa, nao wahudumu wamsikilize aliyeyaleta. Asiyehesabiwa hasaidiwi, na akichoka yeye, nyumba nzima imeugua.

Mwenyezi Mungu awape wagonjwa wetu afueni, na wanaowauguza awape nguvu na subira.