GIF YA BIDHAA YAKO ISIMALIZE BANDO LA MTEJA

Wauzaji wenzangu, swali linalokuja sana inboksi ni hili: "Nimetengeneza animesheni ya bidhaa yangu, iko vizuri, lakini nikiitoa kama GIF faili linakuwa MB 20. Nifanyeje?" Leo tulimalize.

Mimi nauza mikoba ya ukili, na GIF naiweka kwenye ukurasa wa duka langu kwa sababu moja tu: inacheza yenyewe. Mteja akifika, mkoba unafunguka, anaona ndani kuna mfuko wa simu na zipu, unajifunga. Sekunde tatu kashaelewa. Ila kumbuka, picha hiyo inashuka kwa bando lake yeye, siyo lako. Ikianza kukwamakwama hasubiri, anahamia kwa jirani yako mwenye picha nyepesi.

Kwa nini GIF inakuwa nzito hivyo? Hii ni aina ya faili ya zamani, ilitolewa mwaka 1987 na kampuni ya CompuServe ya Marekani, enzi ambazo kompyuta ziliunganishwa kwa waya wa simu. Haibebi sauti, kila fremu ina rangi zisizozidi 256, na namna yake ya kubana ni ya kizamani ukilinganisha na video ya MP4. Kinachoibeba mpaka leo ni kwamba inafunguka karibu kila mahali bila kubonyezwa.

Sasa tupige hesabu, maana hapa ndo pesa ilipo. Animesheni ya upana na urefu wa pikseli 1080, sekunde 5, fremu 30 kwa sekunde: hizo ni fremu 150, na kila moja ina pikseli zaidi ya milioni moja. Chukua animesheni hiyohiyo, ifanye pikseli 480 kwa 480, sekunde 3, fremu 10 kwa sekunde. Unabaki na fremu 30 zenye pikseli laki mbili na kitu kila moja. Kazi ya kubeba imepungua kama mara 25! Uzito wa faili haushuki kwa kipimo kilekile kabisa, inategemea na picha yenyewe, lakini utashuka sana. Na kwenye kioo cha simu, 480 inatosha kuonyesha mkoba. Mimi nimejiwekea mpaka wangu: ikizidi MB 1, haiendi dukani.

Jambo ambalo watu hawalijui ni kwamba uzito unaanza wakati wa kupiga picha. GIF inaweza kuhifadhi ile sehemu iliyobadilika tu kati ya fremu moja na nyingine. Ukishika simu mkononi, mkono unatikisika kidogo, basi ukuta, meza, kila kitu kinahesabika kimebadilika. Egemeza simu kwenye kitu kisichosogea, hata rundo la vitabu, tandika kitambaa cha rangi moja nyuma, halafu kisogee kitu kimoja tu: bidhaa. Rangi moja iliyotulia inabanwa vizuri. Ndiyo maana khanga yenye rangi chache zilizokolea inatoka safi, wakati sura ya mtu au sahani ya pilau inatoka na vidotidoti au mabaka, kwa sababu rangi 256 hazitoshi. Kwa chakula na vipodozi, kwa maoni yangu, achana na GIF, tumia video.

Tuje kwenye kuitoa. Wanaotumia Canva: panga ukubwa mdogo tangu unapoanza kazi, kwa sababu kubadilisha ukubwa baadaye ni huduma ya kulipia. Ukimaliza, nenda sehemu ya kupakua, na kwenye aina ya faili chagua GIF. Wenye kompyuta, GIMP ni ya bure na inakupa uhuru zaidi. Kila tabaka la picha ni fremu moja, na tabaka la chini kabisa ndilo linaloanza. Ukitaka fremu ya bei ikae sekunde mbili, mwishoni mwa jina la tabaka hilo andika (2000ms). Wakati wa kutoa, jina la faili liishie na .gif, kisha weka tiki kwenye chaguo la animesheni na lile la kurudia bila kikomo. Usipoweka tiki ya animesheni utapata picha iliyoganda, halafu utalaumu simu. Faili likibaki zito, punguza fremu kwanza, halafu rangi: jaribu 128, hata 64, uangalie kama jicho linaona tofauti.

Fremu ya kwanza iwe na bidhaa nzima na bei. Baadhi ya programu za barua pepe, mfano matoleo kadhaa ya Outlook ya kompyuta, zinaonyesha fremu ya kwanza tu. Kama umeanza na kioo cheupe kinachofifia taratibu, mteja huyo ameona weupe. Na tafadhali, maandishi ya "OFA OFA" yasiwakewake kwa kasi. Mwanga unaowaka zaidi ya mara tatu kwa sekunde unaweza kumletea shida mtu mwenye kifafa.

Kuna sehemu huhitaji kabisa kutoa GIF. WhatsApp, ukichagua video isiyozidi sekunde sita, kabla ya kutuma inakupa kitufe cha kuigeuza GIF, na kinachosafiri hapo ni video isiyo na sauti. Kwenye posti za Instagram nako peleka MP4, siyo faili la GIF. Kwa hiyo kazi moja naitoa mara mbili: GIF ya ukurasa wa duka na barua pepe, MP4 ya huku kwingine.

Lile faili la kazi lenye matabaka yote usilifute. GIF iliyokwisha kubanwa ukiirekebisha na kuibana tena, inazidi kuchakaa. Bei ikipanda wiki ijayo, unafungua faili la kazi, unabadilisha fremu moja, unatoa upya.