Je, Tuwasihi Watakatifu Watuombee?

Leo twataka kulijibu swali ambalo wengi wa makanisa yetu hujiuliza wakiwa matangani. Jirani Mkatoliki amefiwa, nasi tumekwenda kumfariji. Jioni sala zinaanza. Jina la mtakatifu linatajwa, na watu wanaitikia, "Utuombee." Linatajwa jina lingine, "Utuombee." Sisi tulioketi pale tufanye nini? Tuitikie? Tunyamaze? Au tuinuke na kwenda zetu?

Kwanza, yatupasa kumtendea jirani haki. Wako wasemao kwamba Wakatoliki huabudu watakatifu, au kwamba huuliza wafu kama Sauli alivyofanya kwa yule mwanamke wa Endori (1 Samweli 28). Sivyo wafundishwavyo. Kanisa la Roma hufundisha kwamba ibada ya kuabudu ni ya Mungu peke yake. Mtaguso wa Trento, mwaka 1563, ulisema kwamba ni vema kuwasihi watakatifu walio pamoja na Kristo watuombee kwa Mungu. Sauli alitaka kujua mambo yatakayompata. Jirani yetu anaomba kuombewa. Hayo ni mambo mawili. Amri ya tisa yatukataza kumshuhudia jirani uongo, nayo haituruhusu kufanya hivyo kwa sababu ya dini.

Tena hoja yao si ya kuchekwa. Wasema hivi: "Ikiwa naweza kumwambia ndugu yangu hapa kijijini aniombee, kwa nini nisimwambie yule aliye karibu zaidi na Bwana? Je, kifo kimetutenga naye?" Nasi kila Jumapili twakiri kwamba twaamini ushirika wa watakatifu.

Mbona basi sisi hatufanyi hivyo? Katika zile Kanuni 39 za Kanisa la Uingereza, zilizothibitishwa mwaka 1571, kanuni ya 22 inayakataa mafundisho hayo kwa kuwa hayana msingi katika Maandiko. Na tuyapime. Paulo aliwasihi Warumi wamwombee (Warumi 15:30), nao walikuwa hai, wakaisoma barua yake. Yakobo atuagiza tuombeane (Yakobo 5:16). Lakini Stefano alipokwisha kuuawa, hatusomi popote kwamba mtume fulani alimsihi amwombee. Ni kweli, katika Ufunuo 5:8 wazee 24 wanashika vitasa vyenye maombi ya watakatifu. Lakini hatuambiwi kwamba maombi hayo walipelekewa wazee.

Huenda walioko mbinguni wanatuombea. Hatulikatai jambo hilo. Lakini hatukuahidiwa kwamba wanatusikia tukiwaita, na maombi husimama juu ya ahadi. Ahadi tuliyo nayo ni ya Mmoja. Mpatanishi kati ya Mungu na wanadamu ni mmoja (1 Timotheo 2:5), naye haachi kutuombea (Waebrania 7:25). Mama aliyekesha na mtoto mwenye homa, asiyejua jina la mtakatifu hata mmoja, hakupungukiwa na msaada wowote. Mlango uko wazi, na mwenye nyumba mwenyewe amemwita.

Je, basi tuwasahau waliotutangulia? Hasha! Fikirini habari za Namugongo, karibu na Kampala. Tarehe 3 Juni 1886, kwa amri ya Kabaka Mwanga, vijana Wakatoliki na Waanglikana walichomwa moto huko. Katika mateso ya miaka ile, kati ya 1885 na 1887, hukumbukwa mashahidi 45: Wakatoliki 22 na Waanglikana 23. Mwaka 1964 Papa Paulo wa Sita aliwatangaza wale 22 kuwa watakatifu, na siku hiyo akawataja pia Waanglikana waliokufa kwa ajili ya Kristo. Kila mwaka mahujaji hufika, wengine kwa miguu kutoka Kenya. Namugongo pana mahali pawili pa ibada. Upande mmoja mashahidi husihiwa watuombee. Upande wa pili Mungu hushukuriwa kwa ajili yao. Sisi twatofautiana katika kuwakumbuka, lakini wao walikufa kwa ajili ya Bwana mmoja.

Kwa hiyo, ndugu, ukiwa matangani, kaa. Huna lazima ya kuitikia neno usiloliamini, wala huna ruhusa ya kumhuzunisha mfiwa. Nyamaza kwa heshima, na katika kimya hicho mwombee kwa Mungu.

Lakini lipo neno moja la kutuchoma sisi wenyewe. Paulo alipowaandikia watakatifu wa Korintho, hakuwaandikia wafu. Aliwaandikia watu walio hai, tena wenye magomvi. Watakatifu walioagizwa kuombeana ni sisi. Mtu hutushika mkono mlangoni mwa kanisa na kusema, "Niombeeni, mtoto wangu ni mgonjwa." Twajibu upesi, "Tutakuombea." Kabla hatujafika nyumbani tumekwisha kusahau! Jirani akituuliza, "Ninyi msiowasihi watakatifu, ni nani awaombeaye?" twamjibu, "Kristo, na ndugu zetu." Jibu la kwanza ni kweli siku zote. Je, la pili ni kweli?

Juma hili, mtu akikuambia "Niombee," usimwahidi tu. Omba naye palepale, maneno machache. Kisha andika jina lake kwenye kikaratasi, ukitie ndani ya Biblia yako, na kila ukiifungua umtaje mbele za Mungu.

Na tuombe. Ee Bwana Yesu, uliye Mwombezi wetu, twakushukuru kwa ajili ya watu wako waliomaliza mwendo kwa uaminifu. Utusamehe ahadi za maombi tulizozisahau. Wakumbuke wafiwa wa usiku huu, na wagonjwa, na wote waliotuomba tuwaombee. Amina.