Si kila ubovu ununuliwe

Gari la kifahari huzeeka kwa namna mbili zisizolingana. Bei ya kulinunua hushuka mwaka hata mwaka, lakini gharama ya kulitengeneza hubaki juu kama siku lilipotoka kiwandani. Ndiyo maana Mercedes-Benz ya mwaka 2005 inaweza kuuzwa Kenya kwa pesa ambazo Toyota ya umri huo ingezikataa, huku spea moja ya breki zake ikiwa bado inauzwa kwa bei ya matajiri. Vijana wenye mikono mizuri huona hapo mlango wa biashara: nunua lililoshindikana, litengeneze uani kwako, uliuze likiwa zima. Si wazo baya, na wanaowacheka wanaolijaribu hawawatendei haki. Lakini linafaulu kwa sharti moja ambalo husahaulika kabla hata ya pesa kutoka mfukoni. Cha kuchagua kwanza ni ubovu. Gari lenyewe huja baadaye. Kuna ubovu unaokula siku nyingi za fundi na spea chache, na kuna unaokula spea za bei kali na saa chache tu. Kwa fundi wa Macalder, riziki iko katika ule wa kwanza.

Macalder, katika eneo la Nyatike, kaunti ya Migori, ni mahali pazuri pa kuipimia hoja hii kwa sababu ni mji uliolelewa na mashine. Mgodi mkubwa wa shaba na dhahabu ulifungwa mwaka 1966, lakini uchimbaji haukukoma. Ulihamia mikononi mwa wachimbaji wadogo, na hadi leo mawe husagwa kwa mashine zinazozungushwa na injini za dizeli au mota, na maji huvutwa mashimoni kwa pampu. Vyombo hivyo huharibika kila mara, na mwenye shimo lililojaa maji hawezi kungoja spea itoke Nairobi. Kazi ya namna hiyo humfundisha mtu kuchomelea, kuchonga bushi, kuijua beringi kwa mlio wake, kufungua kichwa cha injini na kukirudisha. Mwaka 1972 Shirika la Kazi Duniani lilitoa ripoti maarufu kuhusu Kenya iliyowaambia watunga sera kwamba watu wa kazi kama hizi, waliodharauliwa kwa kukosa leseni na mabanda, walikuwa wazalishaji kamili. Ujuzi huo ndio mtaji alionao fundi wa Macalder. Anachokosa ni pesa za kupoteza, na ghala la spea lililo karibu.

Kabla ya kuuliza anunue nini, inafaa tuelewe kwa nini bei ya magari haya huanguka hivyo. Kodi pekee ingetufanya tutarajie kinyume chake. Tangu mwaka 2023 ushuru wa forodha wa gari linaloingizwa Kenya ni asilimia 35. Juu yake huja ushuru wa bidhaa, asilimia 25 kwa gari la petroli lenye injini kati ya cc 1500 na 3000, kisha VAT ya asilimia 16 juu ya jumla yote. Gari ambalo forodha imelithamini kwa shilingi 1,000,000 hufika 1,350,000, kisha 1,687,500, kisha 1,957,500, na bado kuna ada nyingine. Injini ya petroli ikizidi cc 3000, ushuru wa bidhaa hupanda hadi asilimia 35. Tena, gari lililopita miaka minane haliruhusiwi kuingia, kwa hiyo Mercedes ya mwaka 2005 iliyo sokoni leo kwa kawaida iliingia mwaka 2012 au kabla yake na kodi yake ilikwisha kulipwa zamani. Lingekuwa gari la kawaida, hayo yote yangeishikilia bei yake.

Kinachoiangusha ni hofu. Mwaka 1970 mwanauchumi wa Marekani George Akerlof aliandika makala kuhusu soko la magari yaliyotumika, na mwaka 2001 akapata Tuzo ya Nobel pamoja na wenzake wawili kwa kazi ya namna hiyo. Hoja yake ni nyepesi kueleweka. Muuzaji anajua siri za gari lake, mnunuzi hazijui. Basi mnunuzi mwenye busara hukataa kulipa bei ya gari zima hata pale anapoonyeshwa gari zima, na wenye magari mazuri huondoka sokoni. Kwa magari ya kifahari hofu hiyo huzidi, maana kila mtu amesikia habari za mtu aliyefilisiwa na BMW. Matokeo yake ndiyo kiini cha makala hii. Hofu hupunguza bei ya magari yote mabovu kwa kiasi kinachokaribiana, ilhali gharama za kuyatengeneza zinatofautiana mno. Mtu wa kawaida akiona taa nyekundu kwenye dashibodi au moshi nyuma hulitupa gari kwenye fungu moja, na madalali hulipangia bei ya fungu. Anayeweza kutenganisha ubovu na ubovu ndani ya fungu hilo ndiye mwenye faida.

Tuyaangalie magari yenyewe. BMW 320i ya umbo lililoanza kuuzwa mwaka 2005, yenye injini ya silinda nne inayoitwa N46, hujulikana kwa kutoa moshi wa buluu na kula oili. Mara nyingi chanzo ni mipira midogo inayozuia oili kwenye vali. Mipira hiyo haina bei kubwa; kazi yake ndiyo ndefu, inahitaji utulivu na zana maalumu za kubana springi za vali, na gereji ya mjini itakutoza zaidi kwa saa kuliko kwa spea. Moshi ule unamtisha mnunuzi kana kwamba injini imekufa. Ubovu huo ni wa kununua, ilimradi fundi amepima mgandamizo wa kila silinda na kuhakikisha kwamba pistoni hazijala ukuta. Ndivyo ilivyo pia kwa mambo ambayo wengi huyaona madogo: kitambaa cha dari kilichoning'inia, taa zilizofifia, viti vya ngozi vilivyopasuka, dirisha lisilopanda, maji yanayoingia chini ya zulia kwa sababu mashimo ya kuyatoa yamezibwa na majani. Haya hulifanya gari lionekane limetelekezwa, na bei yake hushuka kupita kiasi, lakini yanadai uvumilivu kuliko pesa.

Sasa tazama upande wa pili. Mercedes E-Class za kati ya 2002 na 2006 zina mfumo wa breki za umeme uitwao SBC. Kompyuta yake huhesabu idadi ya mara breki zinapotumika, na hesabu ikifika kikomo chake, onyo jekundu hutokea na kifaa kizima hutakiwa kubadilishwa. Hapo hodari wa kuchomelea hana cha kuchomelea. Kuna pia hatari ambayo kila fundi lazima aijue: mfumo huo unaweza kujaza shinikizo wenyewe gari likiwa limesimama, kwa hiyo usipozimwa kwanza kwa njia inayotakiwa, vidole vilivyo kwenye kalipa vinaweza kupondwa. Gari zuri la kupendeza, injini ya kudumu, na bado ni ubovu wa kuukwepa. Range Rover za 2002 hadi 2012 zimekaa katikati. Zinabebwa na mifuko ya hewa ya mpira, na mmoja ukivuja, kompresa hufanya kazi bila kupumzika mpaka iungue. Aliyelikuta gari limeinama kona moja asubuhi, na kompresa bado ina nguvu, huenda akabadilisha mfuko tu. Aliyechelewa atanunua vyote viwili. Kwenye barabara za murram za Nyatike, zenye vumbi na mawe, mpira huo hauwezi kutarajiwa kudumu, na mnunuzi wa huku atalijua hilo.

Mercedes C-Class yenye injini ya M271 inafundisha jambo la tatu, nalo ni wakati. Mnyororo unaoendesha vali hulegea na umri. Dalili yake ni mlio wa kukwaruza kwa sekunde chache injini inapowashwa ikiwa baridi. Ukibadilishwa mapema pamoja na gia zake ni kazi inayolipa. Ukiruka meno, vali hugonga pistoni na kilichobaki ni chuma chakavu. Muuzaji anayekuita saa sita mchana na ukakuta injini ina moto tayari amekunyima ushahidi uliokuwa muhimu kuliko wote. Rudi kesho alfajiri, au liache.

Hesabu ndogo ya kubuni itaonyesha uzito wa jambo hili. Magari mawili yamenunuliwa kwa shilingi 500,000 kila moja, na kila moja likiwa zima litauzwa 800,000. La kwanza linataka spea za 60,000 na wiki mbili za kazi. La pili linataka spea za 260,000 na kazi ya siku moja. La kwanza limeacha 240,000 za kulipia jasho, usafiri na makaratasi. La pili limeacha 40,000, na spea moja iliyonunuliwa kwa kubahatisha inatosha kuzimeza zote. Waswahili husema rahisi ni ghali, na kwa gari la pili methali hiyo ni kweli tupu. Kwa la kwanza, urahisi wake ni wa kweli, kwa sababu uliletwa na woga wa watu wengine.

Atakuja wa kusema kwamba jasho nalo ni pesa. Amesema kweli, na ndilo kosa kubwa la wanaoiga vipindi vya televisheni. Wheeler Dealers ya Uingereza, iliyoanza mwaka 2003, humaliza kila gari kwa kujumlisha bei ya kununua na spea, kisha kuzitoa kwenye bei ya kuuza. Saa za fundi hazimo kabisa kwenye hesabu. Fundi wa Macalder asijidanganye hivyo. Siku anayolala chini ya BMW ni siku ambayo angelipwa kufufua pampu ya mtu, na katika mji wa dhahabu, ambako pesa huja kwa vishindo na kutoka vivyo hivyo, nusu milioni iliyofungwa uani miezi sita ina gharama yake. Aandike ujira wake wa siku kama vile ameajiriwa na mtu mwingine. Gari lenye ubovu wa kazi nyingi linaweza kubeba ujira huo na likabaki na faida. Hiyo ndiyo sababu ya kulichagua.

Pingamizi lenye nguvu zaidi ni la Toyota Probox. Kwa nini mtu ahangaike na Mercedes wakati Probox inauzika siku hiyohiyo, spea zake ziko kila duka, na kila fundi anaijua? Kwa anayeanza na akiba ndogo, au aliyekopa, pingamizi hilo linashinda, na ningemshauri aanze huko. Lakini urahisi wa Probox ndio unaoinyima faida. Kwa kuwa kila mtu anaweza kuitengeneza, hakuna anayeiogopa, na mwenye Probox mbovu hushusha bei kwa gharama ya spea na kidogo juu yake. Faida kubwa hukaa mahali ambapo ujuzi ni adimu. Ujuzi huo una bei pia: kifaa cha bei nafuu cha kusoma makosa ya injini kupitia simu hakitaingia kwenye kompyuta za breki, gia na mifuko ya hewa, na BMW ya umbo lile hutaka hata betri mpya isajiliwe kwenye kompyuta. Mafundi watatu wakichangia kifaa kimoja kizuri watakuwa wamenunua kitu chenye faida kuliko gari lolote.

Kuna kingine kinachokera katika gereji hizi za uani, ambacho hesabu za biashara haziwezi kukihalalisha. Oili iliyotumika na maji ya radieta humwagwa nyuma ya nyumba kama maji ya kuoshea vyombo. Nyatike tayari inabeba mzigo wa zebaki inayotumiwa kukamatia dhahabu, na Mto Kuja unapita humo kwenda Ziwa Victoria. Dumu moja la kukusanyia halina gharama ya kuzungumzia.

Wengine husema Macalder haina wanunuzi wa magari hayo. Wako wachache, na ndiyo sababu gari litauzwa Migori, Kisumu au Nairobi, kwa mtu asiyemjua fundi wala uani mwake. Hapo hofu ile ya Akerlof inarudi, safari hii ikimkabili muuzaji. Rangi mpya haiiondoi. Wanunuzi wamechoka na magari yaliyong'arishwa, balbu za onyo zilizochomolewa na makosa yaliyofutwa kwenye kompyuta asubuhi ya mauzo. Kinachoiondoa ni stakabadhi za spea, picha za injini ikiwa wazi na mipira ya zamani ikiwa mezani, na ruhusa ya mnunuzi kuja na fundi wake. Hata kasoro iliyobaki isemwe na iandikwe. Mnunuzi aliyeambiwa kwamba esi haifanyi kazi huamini zaidi anapoambiwa kwamba gia ni nzima.

Makaratasi nayo yaanze siku ya kununua. Sheria ya Trafiki ya Kenya, kifungu cha 8, humhesabu aliyesajiliwa kuwa ndiye mwenye gari mpaka ithibitishwe vinginevyo, kwa hiyo nakala ya rekodi za NTSA, mamlaka ya usafiri na usalama, iombwe kabla ya kulipa, maana gari linaweza kuwa bado lina deni la benki. Kwa kuwa Isebania, mpakani na Tanzania, iko karibu, kuna kishawishi cha magari yenye nambari za Tanzania, nchi ambayo haikatazi magari ya zamani bali huyatoza zaidi. Bei zake huvutia. Lakini gari lililoingia kwa kibali cha muda haliuziki Kenya bila kulipiwa ushuru, na likishapita miaka minane hata huo ushuru hautalisajili. Fundi atakuwa ametengeneza kwa ustadi gari asiloweza kumkabidhi mtu yeyote.