ANAKUNYANG'ANYA BAHARI BILA KUKUPELEKA JELA

Ukimtajia kijana wa mjini neno "mpelelezi", mara moja anamwona jamaa wa miwani myeusi, koti refu na bastola kiunoni, kama kwenye mikanda ya video. Sasa sikia hii. Kuna wapelelezi huko Marekani ambao silaha yao ni faili, na ushahidi wao mkubwa ni kichupa cha mkojo. Na bado baharia akipigiwa simu nao, ugali haupiti kooni.

Hawa ni watu wa Walinzi wa Pwani, kikosi ambacho mizizi yake ni ya mwaka 1790. Nahodha, injinia, mpaka yule wa kufunga kamba kwenye meli kubwa za biashara za nchi ile, wote wanashika cheti kinachotolewa na kikosi hicho, cha miaka 5. Huna cheti, huna meli. Ukivurunda, mpelelezi ndiye anayekuja na swali moja: huyu aendelee nacho au asiendelee?

Makosa yenyewe ni ya kila namna. Kuna wa kulewa zamu, wa kumtwanga mwenzake ngumi, wa kugomea amri ya nahodha, wa kugonga gati kwa uzembe, na wale wajanja wa kughushi karatasi za siku walizokaa baharini. Lakini kesi zilizojaa mezani kuliko zote ni za dawa za kulevya.

Mabaharia wanapimwa kwa kushtukizwa. Unapewa kikopo, unaingia chooni, ukitoka tu joto la mkojo linapimwa ndani ya dakika 4. Linatakiwa liwe kati ya nyuzi 32 na 38. Ule ujanja wa kubeba mkojo wa shemeji mfukoni unaishia hapo. Kisha unagawanywa kwenye chupa mbili, moja mililita 30, nyingine 15, zinafungwa kwa lakiri na wewe mwenyewe unaweka alama yako. Chupa ya kwanza ikisema bangi au kokeni, daktari anakupigia kukuuliza kama kuna dawa ya hospitali iliyoleta majibu hayo. Una saa 72 za kudai chupa ya pili ipimwe kwenye maabara nyingine.

Hapo ndipo mpelelezi anapoanza kazi, na kwa kweli ni kazi ya karani mwenye macho makali. Nani kashika chupa? Saa ngapi? Namba ya lakiri ndiyo ile ile iliyo kwenye fomu? Anasoma mstari kwa mstari, maana anajua wakili wa upande wa pili naye anasoma hizo hizo. Karatasi ikipishana na chupa, kesi inaweza kuyeyuka.

Balaa liko kwenye bangi. Colorado na Washington ziliiruhusu kwa kura mwaka 2012, na majimbo mengine yakafuata. Kijana wa Seattle anaweza kuingia dukani Jumamosi, akanunua msokoto wake, akapewa na risiti! Jumatatu akaitwa kupimwa. Bangi inakaa kwenye mkojo siku kadhaa, kwa hiyo hata kama melini amepanda akiwa mzima kabisa, kibarua kinaanza kuota nyasi. Sheria ya jimbo haimwokoi, kwa sababu meli ni mambo ya shirikisho.

Na usitegemee kinga zile za mahakama ya jinai. Sheria yenyewe inasema lengo si kuadhibu bali usalama wa maisha baharini, basi kipimo cha ushahidi ni chepesi: mizani ikilala kidogo tu upande wa mpelelezi, umekwisha. Ukiletewa mashitaka una siku 20 za kujibu. Ukikaa kimya, inahesabika umekubali. Wakili unamtafuta kwa mshiko wako. Nafuu ni kwamba anayeamua si mpelelezi bali jaji, na kesi nyingi zinamalizwa kwa makubaliano: aliyenaswa na dawa anamaliza tiba, anakaa angalau mwaka mzima akiwa safi, halafu anarudishiwa cheti chake.

Wengi wanamkumbuka nahodha Joseph Hazelwood. Meli yake, Exxon Valdez, ilipanda mwamba Alaska tarehe 24 Machi 1989 na kumwaga galoni zipatazo milioni 11 za mafuta. Damu yake ilichukuliwa zaidi ya saa 10 baada ya ajali, na baraza la wazee wa mahakama likamwona hana hatia ya kuendesha meli akiwa amelewa. Leseni? Walinzi wa Pwani waliifungia miezi 9. Mbele ya bahari iliyogeuka lami, wako waliosema hiyo ni adhabu ya mtoto wa shule, na mimi sitabishana nao.

Uchafu mwingine uko ndani ya ofisi zenyewe. Mwaka 2020 watu wapatao 30 walishitakiwa kuhusu kituo cha mitihani cha Louisiana, ambako alama za kufaulu zilikuwa zinauzwa kwa rushwa.

Vijana mnaoota meli za nje msijidanganye kwamba haya ni ya Wamarekani tu. Mkataba wa kimataifa wa mwaka 1978, ambao hata vyeti vya Dar es Salaam vinaufuata, unazitaka nchi wanachama ziweze kufuta vyeti.

Kesi nzito zaidi sasa ni za unyanyasaji wa kijinsia. Mwaka 2021 binti mmoja wa chuo cha ubaharia aliandika, bila kutaja jina, kwamba alibakwa akiwa mazoezini melini. Desemba 2022 sheria ikabadilishwa: shambulio la kingono likithibitika, cheti kinafutwa. Tatizo la mpelelezi ni kwamba mashahidi wote ni mabaharia. Wakati yeye anatafuta nauli ya kufika bandarini, meli imeshang'oa nanga, na wote wamo ndani, pamoja na mshitakiwa.